Beki Aliyetwaa Zawadi ya Washambuliaji

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Watu wengi wa kwetu wakisikia habari za mpira wa Kiamerika hudhani ni vita vya kondoo madume: majitu yaliyovaa kofia ngumu yanagongana, refa anapuliza filimbi, yanainuka, yanagongana tena. Sikatai kwamba kugongana kumo. Lakini ndani ya mchezo huo imo kazi moja ambayo mtu yeyote aliyepata kucheza beki katika mpira wetu wa miguu ataifahamu mara moja, nayo ni kazi ya kumzuia mtu asifanye jambo ambalo yeye amekwisha kulipanga na wewe hulijui. Katika makala hii nataka kuwaeleza wasomaji habari za kijana mmoja aliyeifanya kazi hiyo alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, tangu 1995 hata 1997, akaifanya vizuri mpaka akapewa zawadi ambayo kwa miaka sitini na zaidi ilikuwa haijapata kwenda kwa mlinzi. Jina lake ni Charles Woodson, na chuo chake ni Chuo Kikuu cha Michigan, kilichoko katika mji wa Ann Arbor, kaskazini mwa Marekani.

Hapana budi kwanza niueleze mchezo wenyewe kwa ufupi, maana asiyeujua mchezo hataona ugumu wa kazi. Kila upande huwa na watu kumi na mmoja uwanjani, kama sisi. Toka mstari wa bao hata mstari wa bao ni yadi 100, yaani kiasi cha mita 91, na nyuma ya kila mstari lipo eneo la yadi 10 ambalo nitaliita eneo la bao. Mpira una umbo la yai, nao hushikwa kwa mikono. Upande wenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Wakifaulu hupewa nafasi nne nyingine, wakishindwa mpira huwa wa wenzao. Anayeuingiza mpira katika eneo la bao huipatia timu yake pointi 6, kisha huongezwa pointi 1 wakifaulu kuupiga teke ukapita kati ya milingoti. Na timu ikiona kwamba nafasi ya nne haitawafaa kitu, huupiga mpira teke uende mbali sana, na mtu mmoja wa upande wa pili huungoja huko nyuma, akaudaka, akarudi nao mbio. Nawaomba wasomaji walikumbuke teke hilo la mbali, maana litatufaa mbele.

Mpira husogezwa kwa njia mbili: kukimbia nao, au kuurusha. Anayeurusha ni mtu mmoja, mkuu wa mashambulizi, nami nitamwita mrushaji. Wanaorushiwa ni wadakaji, nao huwa ni watu wepesi wenye mbio kali. Upande wa ulinzi, wale wanaokaa nyuma ili kuwakabili wadakaji hawa ndio mabeki. Wako mabeki wa mwisho, wanaosimama katikati na mbali, na wako mabeki wa pembeni, mmoja kila upande wa uwanja. Woodson alikuwa beki wa pembeni.

Sasa tazameni shida ya beki wa pembeni. Mdakaji anajua atakakokwenda. Yeye na mrushaji wamekwisha kupatana kwamba, kwa mfano, atakwenda mbio yadi 12, atajifanya anakata kushoto, kisha atakata kulia, na mpira utarushwa kabla hajageuka. Beki hajui lolote katika hayo. Tena mwenzake anakimbia akitazama mbele, na yeye huanza kwa kukimbia kinyumenyume, macho yake yakiwa katika kiuno cha mdakaji, kwa kuwa kichwa na mabega yaweza kudanganya lakini kiuno hakidanganyi. Kabla mpira haujarushwa anaweza kumkabili na kumsukuma ili amharibie njia. Lakini mpira ukiwa hewani haruhusiwi kumvuta wala kumzuia, ila kuugombea mpira tu, na akivunja kanuni hiyo timu yake hurudishwa nyuma mpaka yadi 15. Na akipitwa, nyuma yake hakuna kitu ila majani. Mshambuliaji akikosea mara tisa na kufaulu mara ya kumi hubebwa mabegani. Beki akifaulu mara tisa na kukosea mara ya kumi, watu huenda nyumbani wakilitaja kosa lake.

Tena liko jambo jingine, ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Beki wa pembeni aliye hodari kupita wote hafanyi jambo lolote linaloonekana. Mrushaji humtazama mdakaji wa upande ule, akaona amegandwa, akaurusha mpira kwingine. Ikiwa ni hivyo saa nzima, karani anayeandika hesabu za mchezo atarudi na ukurasa mweupe mbele ya jina la beki huyo. Hakuna pasi iliyozuiwa, kwa kuwa hakuna iliyorushwa. Mrushaji ana hesabu zake, yadi ngapi na mabao mangapi. Mkimbiaji ana zake. Beki bora ana sifuri, na sifuri hiyo ndiyo kazi yake yote. Basi mtu wa namna hii atajulikanaje?

Charles Woodson alizaliwa tarehe 7 Oktoba 1976 katika mji mdogo wa Fremont, jimbo la Ohio. Alizaliwa miguu yake imepinda, ikawa ni lazima avalishwe viatu vya kuinyoosha alipokuwa mtoto mchanga na hata baadaye. Hilo nalitaja bila kulipamba, kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa miguu ile ile ndiyo iliyokuja kuwa sifa yake. Katika shule ya sekondari ya mji wake, iitwayo Ross, hakujulikana kwa ulinzi kwanza, bali kwa kukimbia na mpira. Mwaka wa mwisho, 1994, alikimbia nao jumla ya yadi 2,028 na kufunga pointi 230, akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa shule zote za sekondari za Ohio.

Hapa inafaa kueleza desturi ya Wamarekani. Kwao mpira wa vyuo vikuu ni jambo kubwa sana, hata baadhi ya viwanja vya vyuo ni vikubwa kuliko viwanja vya timu za kulipwa. Uwanja wa Michigan, uliofunguliwa 1927, huchukua watu zaidi ya laki moja, na siku za Jumamosi za majira ya vuli hujaa. Wachezaji ni wanafunzi, na wakati wa Woodson hawakulipwa mshahara, ila walisomeshwa bure. Vyuo hujikusanya katika mashirikisho; Michigan imo katika shirikisho liitwalo Big Ten, maana yake Kumi Wakubwa, ingawa wakati huo walikuwa kumi na moja na leo ni kumi na wanane. Inaonekana hesabu si somo lao.

Katika shirikisho hilo wako mahasimu wawili wasiosameheana, Michigan na Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, waliokutana mara ya kwanza 1897. Mchezo wao huchezwa mwisho wa majira, na timu inayoshindwa huwa kama imepoteza mwaka mzima. Woodson alikuwa mtoto wa Ohio, mchezaji bora wa sekondari wa Ohio, na kila mtu wa kwao alitazamia kwamba atavaa jezi ya Ohio. Akaenda Michigan. Fikirini mtoto wa kijiji chenu aliye hodari kuliko wote anavuka mpaka na kuwachezea wale mnaowachukia.

Alifika Ann Arbor 1995, mwaka ambao kocha Lloyd Carr naye alianza kuiongoza timu hiyo. Wanafunzi wapya kwa kawaida hukaa benchi mwaka mzima wakijifunza. Woodson hakukaa. Baada ya michezo ya mwanzo alikwisha kuwa katika kikosi, na hakutoka tena mpaka alipoondoka chuoni. Mwaka huo alinyakua pasi tano za wapinzani, na mwisho wake akatajwa kuwa mwanafunzi mpya bora wa Big Ten.

Mchezo wa kwanza kati yake na watu wa kwao ulikuwa Novemba 1995, pale Ann Arbor. Ohio walikuja hawajashindwa hata mara moja mwaka ule, wameshinda michezo yote kumi na mmoja, na ndani ya timu yao alikuwamo mkimbiaji Eddie George, ambaye wiki chache baadaye alitwaa zawadi ya Heisman, ile zawadi nitakayoieleza chini. Michigan walishinda 31 kwa 23. Sifa kubwa siku ile ilikwenda kwa Tim Biakabutuka wa Michigan, kijana aliyezaliwa Kinshasa na kukulia Kanada, aliyekimbia yadi 313. Wasomaji wenye ndugu upande wa Kongo wana haki ya kufurahi hapo. Lakini pasi mbili za Ohio zilinyakuliwa na yule mtoto wa Fremont mwenye miaka kumi na tisa. Mwaka uliofuata Ohio tena walikuwa hawajashindwa, na tena Michigan wakawafunga, 13 kwa 9, mara hii huko huko Ohio.

Huo mwaka wa 1996 sitaukalia sana. Michigan ilishindwa michezo minne, na kwa timu ile hayo si mafanikio. Woodson alinyakua tena pasi tano na kuchaguliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa nchi nzima. Jambo la kukumbuka ni kwamba kocha alianza kumtumia mara moja moja upande wa mashambulizi pia, kama mdakaji. Wakati huo huenda ilionekana ni mbinu ya kawaida tu. Baadaye tutaona kwamba ndiyo iliyomtoa gizani.

Mwaka 1997 ndio mwaka wake. Michigan ilicheza michezo kumi na miwili na kushinda yote, na katika yote hiyo ilifungwa pointi 114 tu, yaani wastani wa pointi tisa na nusu kwa mchezo. Hiyo ilikuwa timu ya ulinzi. Walianza kwa kuwafunga Colorado 27 kwa 3, wakawanyima Indiana hata pointi moja, na mara moja tu walitaka kuanguka, walipokuwa nyuma ya Iowa 21 kwa 7 wakati wa mapumziko, wakainuka na kushinda 28 kwa 24.

Tarehe 25 Oktoba walikwenda kucheza na jirani zao, Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. (Msichanganye: hicho ni chuo kingine, ingawa jina ni karibu sawa.) Mrushaji wa wenyeji, Todd Schultz, alibanwa na walinzi akaona hana wa kumrushia, basi akafanya jambo la busara, akautupa mpira nje ya uwanja, juu sana, mahali ambapo hakuna mtu awezaye kuufikia. Woodson alikuwa anakimbia kando ya mstari wa pembeni. Aliruka, akanyosha mkono mmoja, akauvuta mpira kutoka hewani, na alipokuwa akianguka mguu wake mmoja uligusa ndani ya mstari kabla mwili haujatoka nje. Kwa kanuni za vyuo mguu mmoja watosha. Watu wa Michigan mpaka leo huutaja mdako ule kama sisi tunavyotaja mabao ya fainali. Siku hiyo timu yake ilinyakua pasi sita za wenyeji, mbili zikiwa za Woodson, na kushinda 23 kwa 7.

Mdako ule ulikuwa wa ajabu, sikatai. Lakini kwangu mimi habari kubwa zaidi ya mwaka ule ni ile ya beki wa upande wa pili wa uwanja, Andre Weathers. Huyu hakuna anayemtaja mara kwa mara. Warushaji walipokwisha kujua kwamba upande wa Woodson ni kujitafutia balaa, walielekeza pasi zao kwa Weathers, mchezo baada ya mchezo. Hebu fikirini maisha yake. Mwenzake akizidi kuwa hodari, yeye ndiye anayezidi kushambuliwa. Uwanja wenye yadi 53 za upana ukawa kama umekatwa, na adui wote wamejazana nusu moja. Lakini kwa upande wa kocha hiyo ni faida kubwa, maana akijua mpira utakwenda wapi aweza kupeleka msaada huko, na beki wa mwisho aweza kuegemea upande ule ule. Hivi ndivyo mtu mmoja anavyocheza vizuri bila kuugusa mpira: anawafanya wapinzani wafanye analotaka mwenzake. Yafaa tukumbuke jina la Weathers, kwa kuwa anakuja sasa hivi.

Tarehe 22 Novemba 1997 Ohio walikuja Ann Arbor, na Woodson akakutana nao kwa mara ya tatu na ya mwisho. Walikuwa wamepoteza mchezo mmoja tu mwaka huo, na Michigan walikuwa hawajapoteza. Katika robo ya pili, Woodson aliingia upande wa mashambulizi akadaka pasi ya yadi 37, na muda mfupi baadaye Michigan wakafunga bao la kwanza. Kisha Ohio walibanwa nyuma, wakapiga lile teke la mbali niliowaomba mlikumbuke. Aliyekuwa anaungoja mpira ni Woodson. Aliudaka, akapenya katikati, akatokea kushoto, akakimbia yadi 78 mpaka eneo la bao bila kukamatwa. Wakaenda mapumziko Michigan wakiwa na 13, Ohio sifuri.

Katika robo ya tatu Ohio walifika karibu sana na mstari wa bao. Mrushaji wao Stanley Jackson akaurusha mpira ndani ya eneo la bao, na aliyeudaka ni Woodson. Haukupita muda, mrushaji yule yule akajaribu upande wa pili, kama ilivyokuwa desturi ya wote mwaka ule. Weathers aliungoja, akaunyakua, akakimbia yadi 43 mpaka ndani. Ishirini kwa sifuri. Mmoja alifunga mlango, na mwenzake alimkamata mwizi dirishani.

Wala haikuwa siku ya ushindi mtupu kwa Woodson. Mdakaji wa Ohio, David Boston, ambaye kabla ya mchezo alikuwa amejigamba, na ambaye alikuwa akisukumana naye tangu mwanzo, alimpita mara moja, akapokea pasi na kwenda nayo yadi 56 mpaka bao. Ohio wakaongeza bao jingine, hofu ikaingia uwanjani, na mchezo ukaisha 20 kwa 14. Nalieleza jambo hili kwa sababu baadhi ya waandishi hulificha, kana kwamba sifa ya mtu huharibika akipitwa mara moja. Mtu aliyekabiliana na wadakaji hodari wa nchi nzima kwa miaka mitatu bila kupitwa kamwe hajazaliwa.

Sasa niieleze ile zawadi. Heisman hutolewa kila mwaka kwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Ilianza 1935, na wapiga kura wengi ni waandishi wa habari, pamoja na washindi wa zamani. Mpaka 1996 ilikuwa imetolewa mara 62, na mara zote ilikwenda kwa warushaji, wakimbiaji au wadakaji. Wengine wa zamani walicheza pande zote mbili, kwa kuwa ndivyo mchezo ulivyokuwa siku hizo, lakini sifa iliyowapa zawadi ilikuwa ya kushambulia. Mwaka 1997 karibu kila mtu alitazamia itakwenda kwa Peyton Manning, mrushaji wa Chuo Kikuu cha Tennessee, kijana wa ukoo wa wanampira, aliyekuwa ametupa pasi 36 za mabao mwaka huo. Woodson alikuwa amenyakua pasi saba. Thelathini na sita kwa saba. Kwa karani wa hesabu hakuna mashindano hapo.

Tarehe 13 Desemba, mjini New York, kura zilisomwa. Woodson alipata pointi 1,815 na Manning 1,543. Waliomweka Woodson wa kwanza walikuwa 433, waliomweka Manning wa kwanza 281. Watu wa Tennessee walikasirika sana, na wako ambao hawajasamehe mpaka leo.

Je, walikuwa na haki ya kukasirika? Nimelifikiri jambo hili sana, kwa kuwa mimi mwenyewe hucheza beki wa kushoto katika timu ya bweni letu, na nimeona kwamba kila mwaka jina linaloitwa siku ya michezo ni la mfungaji. Wako wasemao kura ile ilikuwa heshima kwa walinzi wote. Mimi nasema ilikuwa heshima nusu. Waandishi hawakuipigia kura ile sifuri niliyoieleza juu. Walipigia kura yadi 78 za kurudisha teke, mdako wa mkono mmoja, pasi ya yadi 37, na hata ile siku alipocheza na Wisconsin, ambapo alipokea mpira kisha akamrushia pasi mrushaji wake mwenyewe, Brian Griese. Yaani alipata zawadi ya ulinzi kwa sababu alionekana akishambulia. Kama angalicheza ulinzi peke yake, vizuri vile vile, akiwafungia watu upande mmoja wa uwanja mwaka mzima, sidhani kwamba New York wangalimwita.

Yaliyotokea baadaye hayanipingi. Mwaka 2012 Manti Te'o wa Notre Dame, aliyecheza ulinzi tu, alikuwa wa pili. Mwaka 2021 Aidan Hutchinson, naye wa Michigan, naye mlinzi tu, alikuwa wa pili. Mwaka 2024 alishinda Travis Hunter wa Colorado, ambaye ni beki wa pembeni kama Woodson. Lakini huyo alicheza mdakaji wakati wote vile vile, akikaa uwanjani karibu mchezo mzima, pande zote mbili. Mlinzi aliyelinda tu bado hajaipata. Mwalimu mmoja niliyemsomea makala haya alinijibu kwamba waandishi hawawezi kulaumiwa kwa kutoona jambo lisiloonekana. Nilimwambia kwamba warushaji waliliona. Ndiyo maana walimkimbilia Weathers.

Ulibaki mchezo mmoja. Tarehe 1 Januari 1998, huko Pasadena, California, Michigan ilikutana na Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington katika mchezo uitwao Rose Bowl. Mrushaji wa Washington alikuwa Ryan Leaf, mtu mrefu mwenye mkono wa nguvu, aliyekuwa wa tatu katika kura za Heisman. Timu yake ilifunga kwanza, 7 kwa 0, kisha ikasogea tena karibu na bao. Lau wangalifunga la pili, nadhani habari ingalikuwa nyingine, kwa sababu Michigan haikuwa timu ya kufukuza mabao. Leaf akaurusha mpira ndani ya eneo la bao, upande wa Woodson. Sijui kwa nini. Labda hakuamini aliyoambiwa. Woodson akaunyakua, na ikawa pasi ya nane mwaka huo, ya kumi na nane tangu aingie chuoni. Muda mfupi baadaye Griese akampata Tai Streets kwa pasi ya yadi 53, wakawa sawa, na mwisho Michigan wakashinda 21 kwa 16.

Siku hizo hakukuwa na fainali ya kuamua bingwa wa nchi. Bingwa alichaguliwa kwa kura. Waandishi wa habari wakaichagua Michigan, ubingwa wao wa kwanza tangu 1948. Makocha wakaichagua Nebraska, ambao nao hawakushindwa, na ambao siku ya pili yake waliwafunga Tennessee ya Manning 42 kwa 17. Kwa hiyo mabingwa wakawa wawili, na mabishano juu ya nani angalimfunga nani hayana mwisho.

Woodson hakurudi kwa mwaka wa nne. Katika uchaguzi wa wachezaji wa kulipwa wa 1998 Manning alichukuliwa wa kwanza, Leaf wa pili, na Woodson wa nne, na timu ya Oakland. Leaf hakufika mbali. Woodson alicheza miaka kumi na minane, akastaafu baada ya majira ya 2015. Mwaka 2021 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mpira wa Kiamerika, na katika kundi lile lile aliingizwa Peyton Manning. Jumba hilo liko katika mji wa Canton, ambao uko katika jimbo la Ohio.